Jina ni Haki ya Mtu

Miongoni mwa wachoraji mashuhuri wa Uingereza yumo mzaliwa wa Unguja, Bi Lubaina Himid. Alizaliwa mwaka 1954. Baba yake alifariki kwa malaria naye angali mchanga, na mama yake, Mwingereza, akarejea naye kwao. Mwaka 2017, akiwa na miaka 63, alitunukiwa Tuzo ya Turner, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata.

Huchora kanga pamoja na maneno yake, kanga kama hizi zilizomo masandukuni mwetu. Lakini kazi inayotuhusu zaidi ni ile ya mwaka 2004: sanamu 100 za mbao zilizopakwa rangi, zenye kimo cha mtu. Ni Waafrika waliotumikishwa katika majumba ya wafalme wa Ulaya: wapiga ngoma, washona viatu, wafinyanzi, wachora ramani. Kila mmoja ameandikiwa jina lake la asili na lile alilobandikwa na mabwana. Kazi aliyoifanya kwao na ile aliyotwishwa ugenini.

Dini yetu yafundisha kwamba jina jema ni haki ya mtoto kwa mzazi wake. Basi kumvua mtu jina ni kumdhulumu. Nasi tukumbuke kuwa watumwa walivushwa pia katika bahari yetu, kwa majahazi yetu. Tuwasimuliapo watoto habari za mashamba ya karafuu, tusiishie kwa wenye mashamba. Tuwataje na waliochuma, kwa majina yao, maadamu wangalipo wazee wanaoyakumbuka.