Kingamwili haitoki kabla haijakamilika

Mchimbaji wa dhahabu wa Saza akichanwa mguu na jiwe ndani ya duara, yaani shimo la machimbo, hupigwa sindano ya pepopunda zahanati, kisha hurudi kazini akiamini ameshapewa kinga. Hajapewa. Sindano ile ina sumu ya bakteria wa pepopunda iliyoondolewa makali. Kinga ataitengeneza mwenyewe.

Seli B, aina ya chembe nyeupe za damu, zinazoitambua sumu hiyo huzaliana, na baadhi hugeuka seli za plazma. Hizi zina kazi moja tu. Hutanua ndani yake mtandao wa vifereji vya utando, na kila seli huweza kumwaga maelfu ya kingamwili, protini za kuinasa sumu, kwa sekunde.

Kingamwili aina ya IgG ina minyororo minne ya protini, miwili mizito na miwili myepesi. Kila mnyororo huanza kukunjika ukiwa bado unaingizwa kwenye vifereji. Mikunjo hukazwa na atomi za salfa zinazoshikana mbili mbili: katika IgG1 vifungo 12 viko ndani ya minyororo, 4 huunganisha mnyororo na mwenzake.

Kinachonishangaza kila mara ni ukaguzi. Kuna kipande cha mnyororo mzito kisichoweza kukunjika peke yake. Protini mlezi iitwayo BiP hukishika, na mnyororo huzuiliwa kama lori lisilo na karatasi pale mpakani Tunduma. Mnyororo mwepesi ukifika, BiP huachia, kipande hukunjika, wawili hao hufungana. Usipofika, ule mzito hutupwa nje ya vifereji na kukatwakatwa.

Kingamwili zilizokamilika hupita kwenye sehemu ya seli iitwayo Golgi, hurekebishwa sukari zake, ndipo zinaingia kwenye damu. Kwa asiyewahi kuchanjwa, haya yote huchukua wiki moja au zaidi, na pepopunda haingoji. Ndiyo maana mwenye jeraha chafu ambaye hajawahi kuchanjwa hustahili pia kingamwili zilizokwisha kutengenezwa.

Aliyechanjwa kikamilifu hubaki na seli za plazma ndani ya uboho kwa miaka mingi. Aliyeugua pepopunda akapona hana bahati hiyo: sumu inayotosha kuua ni kidogo mno kuziamsha seli B, kwa hiyo naye lazima achanjwe.