Ndani ya Mnyoo wa Kichocho Kuna Alama za Virusi

Kichocho si mgeni majumbani mwetu. Cha mkojo kimezoeleka Unguja na Pemba. Cha tumbo kimeenea kandokando ya Ziwa Victoria. Wengi wetu tunamjua konokono wa maji baridi anayebeba vimelea, na tunajua kuwa hupenya ngozi ya mtoto anapooga bwawani. Yaliyomo ndani ya mnyoo mwenyewe hayajulikani sana.

Mwaka 2009 wanasayansi walichapisha jenomu, yaani maandishi yote ya urithi, ya mnyoo wa kichocho cha tumbo. Ilidhihirika kwamba takriban asilimia 40 ya maandishi hayo ni vipande vinavyojirudiarudia. Miongoni mwavyo vimo vyenye undugu na retrovirusi, jamii ya virusi vya Ukimwi. Kimojawapo, kilichokwisha kupewa jina la Boudicca, malkia wa kale wa Uingereza aliyepigana na Warumi, hujinakili na kujipachika mahali pengine katika jenomu. Na mnyoo huwarithisha wanawe nakala hizo.

Tumtoe mzazi hofu: vipande hivi si ugonjwa mpya wa mtoto. Kinachomdhuru ni mayai ya mnyoo, yanayonasa katika kibofu, utumbo au ini na kuacha makovu.

Basi elimu hii ina faida gani? Tiba ya kichocho imeegemea dawa moja, prazikwanteli, ambayo huua minyoo waliokomaa lakini haiwawezi vyema wachanga. Ikishindwa siku moja, tutashika nini? Ili ipatikane nyingine, yafaa ijulikane ni jeni ipi ambayo mnyoo hawezi kuishi bila yake. Hapo ndipo kirusi alipogeuzwa mtumishi. Mwaka 2008 watafiti walionesha kwamba retrovirusi ya panya, iliyoondolewa uwezo wa kuzaliana, yaweza kupachika jeni ngeni katika kromosomu za mnyoo huyo, na hivyo kumchunguza kutoka ndani.

Kazi hiyo ni ya maabara, na safari yake ni ndefu. Nasi tusingoje. Tujenge vyoo na kuvitumia, kwani yai lisilofika majini halianguliwi. Tuwakataze watoto kuoga mabwawani, na siku ya kumeza dawa shuleni waende wakiwa wamekula. Tena tuache kudhani kuwa damu katika mkojo wa kijana ni dalili ya kubaleghe. Ni wito wa kumpeleka zahanati.