Vijidudu vya udongo katika mbuga za nyasi

Vijidudu vya udongo katika mbuga za nyasi ni viumbehai vidogo mno, hasa bakteria, kuvu na protozoa, vinavyoishi katika udongo wa nyanda zilizofunikwa na nyasi na kuozesha mabaki ya mimea na wanyama. Kazi yao ndiyo inayorudisha nitrojeni, fosforasi na virutubishi vingine katika hali inayoweza kufyonzwa na mizizi. Mbuga inapobadilishwa matumizi, kwa mfano inapolimwa kwa trekta au inapofungiwa mifugo mingi mahali pamoja, jamii ya vijidudu hubadilika, na mzunguko wa virutubishi hubadilika pamoja nayo. Neno "vijidudu" lisichukuliwe hapa kwa maana ya vimelea vya magonjwa: vilivyo vingi katika udongo havimdhuru mtu.

Mzunguko wa virutubishi chini ya nyasi

Mtu anayetazama mbuga wakati wa kiangazi huona majani makavu na vumbi, akadhani hapana uhai. Katika mbuga nyingi zaidi ya nusu ya uzito wa mimea ni mizizi iliyo ardhini. Gramu moja ya udongo huo, yaani chini ya kijiko cha chai, huweza kuwa na bakteria wapatao bilioni moja.

Hewa ina nitrojeni kiasi cha asilimia 78, lakini nyasi haziwezi kuitumia moja kwa moja. Nitrojeni huingia udongoni kwa njia ya bakteria wachache wenye uwezo wa kuibadilisha, wakiwemo raizobia waishio katika vinundu vya mizizi ya mikunde. Ikishaingia, huzunguka: nyasi huifyonza, hufa au huliwa, kisha vijidudu huozesha mabaki na kuiachia tena kama amonia. Fosforasi haisogei kwa urahisi udongoni, kwa hiyo nyasi nyingi hutegemea kuvu wa mikoriza. Nyuzi zao nyembamba hufika mahali ambapo mizizi haifiki, huleta fosforasi, na kupokea sukari kutoka kwa mmea.

Vijidudu pia hushindana na mimea. Miili yao inahitaji takriban sehemu moja ya nitrojeni kwa kila sehemu 8 za kaboni, lakini mabua makavu ya mahindi au ngano huwa na kaboni sehemu 50 hadi 80 kwa moja ya nitrojeni. Ndiyo maana mkulima akifukia mabua na kupanda papo hapo, miche huwa ya njano. Vijidudu vimechukua nitrojeni yote iliyokuwapo ili viweze kula mabua, na vitairudisha baadaye vitakapokufa. Wengi hudhani shamba limepatwa na ugonjwa.

Kundi jingine la bakteria hugeuza amonia kuwa nitrati. Nitrati huyeyuka upesi katika maji ya mvua na kuzama chini, mbali na mizizi. Baadhi ya nyasi za Afrika hujilinda dhidi ya hasara hiyo: nyasi aina ya Brachiaria humidicola, ambayo asili yake ni Afrika, hutoa mizizini kemikali inayozuia bakteria hao kufanya kazi. Nyasi kama hizo zikiondolewa na kupandwa zao lisilo na uwezo huo, kizuizi hicho nacho huondoka.

Wanyama wanaohama

Hifadhi ya Serengeti nchini Tanzania ni mahali palipochunguzwa sana kuhusu jambo hili. Tambarare zake za kusini zina udongo uliotokana na majivu ya volkeno, na kila mwaka nyumbu zaidi ya milioni moja hufika huko wakati wa mvua. Mwaka 1997 Samuel McNaughton, F. F. Banyikwa na M. M. McNaughton walionyesha katika jarida la Science kwamba pale wanyama wanapokula sana, nitrojeni na sodiamu huzunguka upesi zaidi kuliko pale wasipokula. Majani yanayopita tumboni mwa nyumbu huozeshwa kwa siku chache badala ya miezi, na mkojo huleta udongoni nitrojeni iliyo tayari kutumiwa. Nyasi nazo huchipua zikiwa laini, jambo linalowarudisha wanyama mahali pale pale.

Historia ya sotoka inaonyesha upande wa pili. Ugonjwa huo uliofika miaka ya 1890 uliwaua ng'ombe na nyumbu kwa wingi. Baada ya chanjo ya ng'ombe kuutokomeza katika eneo hilo miaka ya 1960, nyumbu waliongezeka kutoka takriban robo milioni hadi zaidi ya milioni moja kufikia mwisho wa miaka ya 1970. Nyasi zilizokuwa zikisimama hadi kiangazi zikaliwa, na moto ukapungua. Hilo si dogo kwa udongo: moto hurusha nitrojeni hewani na kuacha fosforasi katika majivu, lakini nyasi zikiliwa sehemu kubwa ya nitrojeni hubaki ardhini.

Yote haya hutegemea mwendo. Wanyama wakizuiliwa wasihame, kwato hushindilia udongo, hewa hupungua ndani yake, na bakteria wasiohitaji oksijeni hugeuza nitrati kuwa gesi inayopotelea hewani. Samadi nayo hujaa karibu na kisima au boma huku malisho ya mbali yakizidi kupungukiwa.

Mbuga inapolimwa

Jembe la trekta hukata nyuzi za kuvu na kuvunja madonge ya udongo ambamo mboji ilikuwa imefichika. Hewa huingia, bakteria wanaokua haraka huongezeka, nao hula mboji hiyo na kuitoa kama dioksidi ya kaboni. Katika kuila huachia nitrojeni nyingi kwa mara moja. Kwa hiyo mavuno ya miaka ya kwanza huwa mazuri, na mazuri hayo hudanganya. Mkulima husema ardhi mpya ina rutuba, na ni kweli, ila anachovuna ni akiba ya karne nyingi, si mapato ya mwaka. Mara nyingi mbuga iliyolimwa hupoteza kati ya robo na nusu ya kaboni ya udongo wa juu katika miongo ya kwanza.

Mfano unaojulikana ni tambarare za Basotu wilayani Hanang. Kuanzia miaka ya 1970, kwa msaada wa Kanada, shirika la umma NAFCO lilifungua huko mashamba makubwa ya ngano kwenye malisho ya Wabarabaig, hadi kufikia takriban hekta 40,000. Wafugaji walipoteza malisho bora na wakaenda mahakamani miaka ya 1980. Waliobanwa katika ardhi iliyobaki walilazimika kulisha mifugo ile ile mahali padogo zaidi. Hivyo udongo uliharibika pande zote mbili za mpaka wa shamba, ingawa mjadala wa wakati ule ulihusu zaidi magunia ya ngano.

Mbolea ya chumvichumvi huziba sehemu ya pengo. Lakini fosforasi ikiwa tele mmea huacha kuwalisha kuvu wa mikoriza, na mbolea ya amonia ikitumika miaka mingi bila chokaa huongeza asidi udongoni.

Alama zinazodumu

Mabadiliko mengine huongeza rutuba. Huko Narok, Kenya, kuna maeneo ya wazi yenye nyasi nzuri ambayo zamani yalikuwa maboma ya wafugaji. Mwaka 2018 Fiona Marshall na wenzake walieleza katika jarida la Nature kwamba maboma hayo, yenye umri wa miaka 1,550 hadi 3,700, bado yana fosforasi, kalsiamu na magnesi nyingi kuliko udongo wa jirani. Samadi ya ng'ombe na mbuzi ndiyo iliyoanzisha mzunguko huo, na wanyamapori wanaovutwa na nyasi zake wameuendeleza.

Kurudisha mbuga iliyolimwa ni kazi ya polepole. Nyasi huweza kufunika ardhi kwa miaka michache, lakini kaboni na jamii ya kuvu huchukua miongo mingi. Mkoani Shinyanga, Wasukuma walikuwa na desturi ya ngitili, yaani kutenga malisho yasiguswe hadi kiangazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioendeshwa kuanzia 1986 hadi 2004, uliifufua desturi hiyo, na maeneo yaliyotengwa yakazidi hekta 300,000. Katika ngitili majani na mizizi inayokufa hubaki hapo hapo, na vijidudu hupata chakula mwaka hadi mwaka bila ardhi kupinduliwa.