Nguva wa Rufiji na tope la Morogoro

Masika yakikolea, Mto Kilombero pale Ifakara, mkoani Morogoro, hujaa tope. Ukiungana na Luwegu huwa Rufiji, na maji yake huishia baharini, mkabala na Kisiwa cha Mafia. Huko, kati ya delta ya mto huo, Mafia na Kilwa, ndiko waliko nguva wachache waliobaki Tanzania. Maji ya milima ya Uluguru yenyewe hushukia Bagamoyo kwa Mto Ruvu. Mkoa wa Morogoro hauna pwani, lakini bahari inatuhusu.

Desemba 2022, shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, liliwaweka nguva wa Afrika Mashariki katika kundi la walio hatarini kabisa kutoweka. Waliokomaa hawafiki 250 katika pwani yote, na kundi kubwa liko Bazaruto, Msumbiji.

Nguva si samaki. Ana mapafu, na chuchu zake ziko kwapani, nyuma ya pezi. Mtoto hujibanza hapo akanyonya. Nguva hula majani ya bahari, akiyang'oa na mizizi yake kwa mdomo mpana, akaacha mifereji mchangani. Mimba hukaa zaidi ya mwaka, huzaliwa mtoto mmoja, na jike huweza kukaa miaka mitatu hadi saba bila kuzaa tena. Akifa jike mmoja, pengo lake halizibiki upesi.

Muuaji mkuu ni jarife, wavu unaotegwa kwa ajili ya papa na taa. Nguva akinasa hawezi kuibuka kuvuta pumzi. Dakika chache tu, amekufa maji. Sheria inakataza kumvua, lakini jarife halichagui.

Tope ndilo linalotugusa sisi wa bara. Majani ya bahari ni mimea kamili, yenye mizizi na maua, na bila mwanga wa jua hunyauka. Maji yakichafuka, malisho ya nguva hupungua. Mwaka 1955 Waluguru waliyakataa matuta ya mkoloni ya kuzuia mmomonyoko wa udongo, na siwalaumu: ilikuwa kazi ya shuruti. Leo huko Mgeta, katika milima hiyohiyo ya Uluguru, wakulima wanalima mboga kwenye matuta ya ngazi wanayoyatunza wenyewe, na udongo unabaki shambani.

Hata hivyo, kwa nguva wa Rufiji nisingeanza na shamba. Ningeanza na jarife: liondolewe kabisa kwenye malisho yao, na mvuvi anayelisalimisha apewe zana nyingine siku hiyohiyo, maana nyumbani kwake kuna watoto wanaosubiri kula.