Mlipuko Ukiingia, Wagonjwa Wengine Wasisahaulike

Tarehe 20 Januari 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwa ugonjwa wa Marburg umethibitishwa wilayani Biharamulo, mkoani Kagera, Tanzania. Mlipuko ulipotangazwa kumalizika, tarehe 13 Machi, orodha ilikuwa na watu 10: 2 waliothibitishwa na maabara na 8 waliohisiwa kuwa nao. Wote walifariki dunia.

Orodha ya namna hiyo huhesabu waliouawa na kirusi. Haimhesabu mjamzito anayejifungulia nyumbani kwa kuogopa zahanati, wala mgonjwa wa kisukari aliyeishiwa insulini. Hao nao huuawa na mlipuko, ingawa tiba yao ipo na inajulikana.

Hofu ya mkazi wa Ntobeye, katika wilaya jirani ya Ngara, ina sababu. Marburg huanza kwa homa kali, kuumwa kichwa na mwili kuishiwa nguvu. Malaria nayo huanza hivyohivyo. Mama mwenye mtoto anayechemka hawezi kuzitofautisha kwa macho. Akihofia kwamba mwanawe atatengwa, atampa panado na kusubiri kupambazuke. Lakini kwa mtoto mdogo, homa ya malaria yaweza kugeuka malaria kali ndani ya saa 24.

Hofu ikiisha, bado kuna upungufu wa watu na vifaa. Zahanati yenye wauguzi wachache ikimtoa mmoja kupima wasafiri joto, kliniki ya mama na mtoto huyumba. Gari la wagonjwa likipelekwa kwenye kituo cha kutengea, mwenye uchungu pingamizi hukosa usafiri. Mwenye VVU akikatiza dawa, virusi huanza tena kuzaliana ndani ya wiki chache. Wa kifua kikuu akiacha dozi njiani, ugonjwa waweza kuwa sugu, kisha akaambukiza wengine huo usugu.

Madhara haya yameshaonekana. Ebola ya Afrika Magharibi, 2014 hadi 2016, iliua zaidi ya watu 11,000. Watafiti walikadiria kwamba huduma za kawaida zikipungua kwa nusu, malaria, UKIMWI na kifua kikuu vingeongeza vifo zaidi ya 10,000. Mashariki mwa Kongo, Ebola ya 2018 hadi 2020 iliua watu 2,287. Wakati huo macho ya dunia yalikuwa huko, huku surua, yenye chanjo ya miaka mingi, ikiua zaidi ya watu 6,000 nchini humo. Uganda nayo, Machi 2020, ilipiga marufuku magari kwa sababu ya UVIKO-19. Wajawazito walilazimika kuomba kibali cha mkuu wa wilaya ili wasafiri, hadi sharti hilo lilipoondolewa kwao mwezi Aprili.

Kwa hiyo maandalizi yaanze kabla ya mlipuko. Kila zahanati itenge mahali pa kupokelea wenye homa, mbali na kliniki ya wajawazito na chanjo. Marburg haisambai kwa hewa kama mafua. Huambukiza kwa kugusana na damu na majimaji ya mgonjwa au ya maiti. Wenye homa wakitenganishwa mlangoni, na wahudumu wakiwa na glovu na maji ya kunawa, anayekuja kliniki yuko salama, na aambiwe hivyo kwa lugha za wenyeji wa Ngara, Kihangaza na Kishubi, si kwa tangazo la Kiswahili pekee.

Wenye VVU walio imara hupewa dawa za miezi kadhaa kwa mkupuo. Utaratibu huo uwafikie pia wenye shinikizo la damu, kifafa na selimundu. Wajawazito na watoto wachanga wana usafiri wa dharura wa m-mama, kwa namba 115 isiyo na malipo. Wagonjwa wengine wapangiwe bodaboda na kijiji chao mapema. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii awe na daftari la hao wote, kitongoji kwa kitongoji.

Juu ya yote, kila taarifa ya mlipuko ibebe hesabu ya pili: wangapi wamejifungulia kituoni wiki hii, watoto wangapi wamechanjwa, wangapi wamechukua dawa zao. Hesabu hiyo ikishuka, mhudumu afungue daftari na kuwafuata majumbani wasiofika, siku hiyohiyo.