Msukosuko wa Maji kwenye Sakafu ya Bahari

Maji yanapopita juu ya sakafu ya bahari hayaendi kwa kasi moja tangu juu hadi chini, kwa kuwa yale yanayogusana na mchanga au mwamba hushikwa na msuguano hata yakasimama kabisa, na yaliyo juu yake hucheleweshwa na hayo yaliyosimama, hadi kufikia kimo ambapo mkondo huenda kama vile hapana kizuizi chochote chini yake. Sehemu hiyo, ambamo kasi hukua kutoka sifuri hadi kasi kamili ya mkondo, wataalamu huiita tabaka la mpaka, na dhana yake iliwasilishwa mwaka 1904 na Ludwig Prandtl, mhandisi wa Ujerumani, katika mkutano wa wanahisabati mjini Heidelberg. Katika vilindi tabaka hilo huwa na kimo cha mita chache hadi makumi ya mita. Katika bahari ya kina kifupi yenye mikondo ya nguvu laweza kufika hadi usoni pa maji.

Ndani ya tabaka hilo maji hayatulii. Mwaka 1883 Osborne Reynolds, profesa wa uhandisi mjini Manchester, Uingereza, alipitisha uzi wa rangi katika maji yaliyotiririka ndani ya bomba la kioo, akaona kwamba kasi ikiwa ndogo uzi hunyooka hadi mwisho, lakini kasi ikipita kiwango fulani uzi hukatika na rangi ikatapakaa kote. Hali ya kwanza ni mtiririko tulivu, unaotawaliwa na mnato, yaani ule ukinzani wa ndani ya kimiminika ambao katika asali ni mkubwa na katika maji ni mdogo. Hali ya pili ni msukosuko, ambamo maji hujisokota katika mizunguko mikubwa inayozaa midogo, nayo midogo ikazaa midogo zaidi, hadi ile ya mwisho inapomezwa na mnato na nishati yake kugeuka joto. Karibu na sakafu ya bahari msukosuko ndio kawaida, na utulivu husalia katika utando mwembamba tu uliolala juu ya mchanga, ambao penye mikondo ya nguvu haufiki hata milimita 1, na katika vilindi vyenye mikondo dhaifu waweza kufikia unene wa sentimita 1 hivi. Utando huo ni mlango wa uhai, kwani oksijeni inayohitajiwa na viumbe wa matopeni hulazimika kuuvuka polepole bila kusaidiwa na mizunguko ya maji, na mkondo unapoongezeka hata utando ukapungua unene, viumbe hao huipata kwa wepesi zaidi.

Ukubwa wa nguvu zinazofanya kazi huko chini ulidhihirika mwaka 1919, pale Geoffrey Ingram Taylor, mwanafizikia wa Uingereza, alipokokotoa nishati inayopotea kwa msuguano wa maji kupwa na maji kujaa katika Bahari ya Ireland. Hesabu iliyotangulia ilichukulia kwamba maji hayo hutiririka kwa utulivu, ikatoa jibu dogo mno. Taylor aliuchukua msukosuko kuwa ndio hali halisi, akafuata kanuni kwamba msuguano hukua kwa mraba wa kasi, na jibu lake likalizidi lile la awali mara nyingi sana. Kisha akalihakiki kwa kukadiria nishati inayoingia kupitia milango ya bahari hiyo, na njia zote mbili zikakaribiana. Kwa kanuni hiyo mkondo ukiongezeka maradufu, msuguano huwa mara 4 na nishati inayopotea huwa mara 8, ndiyo maana kati ya maji mafu na bamvua kazi inayofanyika chini ya bahari hutofautiana zaidi kuliko kasi yenyewe inavyotofautiana. Nishati hiyo hutoka katika mzunguko wa dunia: siku inarefuka kwa takriban milisekunde 2 kila karne, na mwezi unajitenga nasi kwa takriban sentimita 3.8 kila mwaka.

Athari iliyo karibu zaidi na mwanadamu ni mwendo wa mchanga. Chembe iliyolala sakafuni haisukumwi kwa mfululizo, bali hupigwa na mizunguko inayoshuka ghafla, ikatikisika, ikabiringika, kisha ikaruka na kutua mbele kidogo. Filip Hjulström wa Uppsala, Uswidi, aliyechunguza mito, alionyesha mwaka 1935 jambo lisilotarajiwa, kwamba mchanga laini hung'oka kwa urahisi kuliko udongo wa mfinyanzi, ingawa chembe za mfinyanzi ni ndogo zaidi, kwa sababu hizo hushikamana. Lakini zikishang'oka hukaa majini muda mrefu. Maji yakishapwa, mwenye kuinama kwenye mchanga wa pwani huweza kuisoma kazi hiyo katika matuta madogo yaliyoachwa: yenye mteremko mrefu upande mmoja na mfupi wa ghafla upande wa pili yalifanywa na mkondo, na yenye pande zilizolingana yalifanywa na mawimbi.

Nyasi za baharini, kama zile za Ghuba ya Chwaka huko Unguja na ya Gazi huko Kenya, huubadilisha mpango huu wote. Majani yao huinua kituo cha msuguano kutoka mchangani hadi juu ya shamba la nyasi, hivyo maji yaliyo kati ya majani hupungua kasi, chembe zilizoelea hutua, na mizizi huzishika zisiondoke tena. Juya linalokokotwa juu ya shamba hilo huung'oa mfumo uliojengwa kwa miaka mingi, na bamvua linalofuata hukuta mchanga ukiwa wazi. Ukuta wa zege hauwezi kuchukua nafasi ya nyasi hizo, kwa kuwa huyarudisha mawimbi na mara nyingi kuzidisha uchimbaji chini yake. Kamati za wavuvi na halmashauri za pwani, zinapopanga namna ya kuzuia mmomonyoko wa fukwe, na zianze kwa kuyalinda mashamba ya nyasi yaliyobaki kabla ya kununua saruji.