Kidimbwi cha Kuogelea Kwenye Chemichemi: Tuanzie Wapi?



Hapa kwetu Kisii na Nyamira mabonde yana chemichemi nyingi. Vijana wakiona maji yale wanasema: mbona tusitengeneze mahali pa kuogelea, wageni walipe, kikundi kipate pesa? Wazo si baya. Lakini kabla ya kushika jembe, tuangalie wenzetu.

MFANO WA CHEMKA

Chemka, ambayo wengine huiita Kikuletwa, iko wilaya ya Hai, Tanzania, kusini mwa Mlima Kilimanjaro. Jina linatisha, kumbe maji hayachemki, ni vuguvugu tu. Ni maangavu na yamezungukwa na miti. Wageni hutoka Moshi na Arusha, hulipa kiingilio, na wenyeji huwauzia chakula.

Maji hayo ni mvua ya mlimani iliyopenya mawe ya volkano ikabeba madini. Watu wakisikia "maji ya madini" hudhani ni dawa. Sivyo. Sehemu nyingi za Kilimanjaro na Meru maji yana floridi nyingi, ile inayogeuza meno ya watoto kuwa ya kahawia. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Kwa macho hatuwezi kujua. Maji yapelekwe yakapimwe.

PIMENI WINGI WA MAJI

Kidimbwi cha asili hakitiwi dawa. Kinachokisafisha ni maji mapya kuingia na ya zamani kutoka. Basi kingeni mtungi wa lita 20 mkiwa na saa. Ukijaa kwa sekunde 10, mnapata lita 7,200 kwa saa. Kidimbwi cha mita 10 kwa 6, kina mita 1.2, hubeba lita 72,000, kwa hiyo kitajaa kwa saa 10. Hapo kuna matumaini. Lakini mtungi ukichukua dakika nzima, mtangoja saa 60, yaani siku mbili na nusu. Watu 50 wakioga humo Jumapili, Jumatatu ni uchafu mtupu. Pimeni wakati wa kiangazi, si wakati wa mvua.

MAJI YA KUNYWA KWANZA

Mama mwenye mtungi atangulie mgeni mwenye pesa. Jicho la chemichemi lijengewe na kufunikwa, bomba la kuteka liwe juu, kidimbwi kiwe chini yake. Ng'ombe wanywe chini zaidi. Mikaratusi iliyo karibu iondolewe; mwaka 2009 serikali iliagiza hivyo kwa sababu inanyonya maji mengi. Pandeni miti ya kienyeji.

Tena wekeni alama za kina na kamba ya kuokolea, na asiingie mtoto bila mtu mzima anayejua kuogelea.

SHAMBA NA PESA

Chemichemi nyingi ziko ndani ya shamba la mtu. Leo anasema "tumieni tu." Pesa zikianza kuingia, wanawe watapiga ua. Andikeni makubaliano mbele ya wazee na chifu kabla ya shilingi ya kwanza, na wanawe watie sahihi. Kila kiingilio kiwe na risiti, na hesabu isomwe mkutanoni, hata kwa majirani wasio wanachama, kwa maana nao huteka hapo.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Chemichemi yetu inajaza mtungi kwa sekunde ngapi wakati wa kiangazi?
2. Nani wanaiteka kila siku, na wameulizwa?
3. Mwenye shamba akifariki, makubaliano yetu yako wapi?

Kama swali la tatu halina jibu, msichimbe bado.